Waandishi wa michezo tujifunze kuchora takwimu

TIMU ikipoteza mechi tatu mfululizo, magazetini na vijiweni maneno ni yale yale: straika butu, kocha hana mbinu. Presha inapanda, viongozi wanaitana kikao cha dharura, mara kocha kafungashiwa virago. Anakuja mwingine, na mabao bado hayapatikani.

Je, straika alikuwa butu kweli, au hakuletewa mipira? Swali hilo halijibiwi kwa kelele. Analijibu mwandishi aliyekaa jukwaani na karatasi yenye mchoro wa uwanja, akaweka nukta kila mahali lilipopigwa shuti. Tuseme timu imepiga mashuti 15, na nukta 12 ziko nje ya boksi. Hapo msomaji anaona mwenyewe kwamba timu haifiki golini, na lawama zote hawezi kutupiwa straika peke yake.

Hiyo ndiyo kazi ya kugeuza takwimu kuwa picha, na tuseme ukweli, waandishi wa michezo tumechelewa kuijifunza. Namba tunazo, ila tunazimwaga kwenye habari kama mchele, msomaji aokote mwenyewe.

Chukua mbio za Filbert Bayi kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Wengi tunajua aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:32.2. Tunachosahau ni namna alivyoshinda. Alitangulia mapema, akawaacha wenzake, na mwishoni John Walker wa New Zealand akamkimbiza hadi akamaliza kwa 3:32.5. Mchoro wa mistari miwili, pengo likipanuka kisha likipungua, ungemwonyesha kijana wa leo ujasiri wa Bayi kwa kutupa jicho mara moja.

Lakini picha nayo inaweza kudanganya. Ukianzisha nguzo za chati kwenye 60 badala ya sifuri, timu yenye pointi 64 itaonekana ndefu mara mbili ya ile yenye 62. Kwa Simba na Yanga, chati ya namna hiyo ni petroli kwenye moto. Ndiyo maana tunasema tujifunze, siyo tubofye tu kompyuta ituchoree. Nguzo zianze sifuri, chanzo cha namba kitajwe, na kila mchoro ujibu swali moja.

Vyuo vya uandishi wa habari vilifundishe somo hili kwa vitendo. Klabu na wasimamizi wa ligi nao watoe takwimu zao zikiwa kwenye majedwali yanayotumika kirahisi.

Sisi wa madawati ya michezo hatuna haja ya kusubiri semina. Wikiendi hii, kila dawati limpe mwandishi mmoja kalamu na karatasi yenye mchoro wa uwanja. Jumatatu, kabla hatujaandika kwamba kocha hafai, tuziangalie kwanza nukta zake.