Roda Nyumbani: Mazoezi au Fahari?

Vijana wetu wanauliza: je, yafaa kununua mashine ya mazoezi, ile ya kamba za waya na roda, ikawekwa nyumbani? Waama, kazi yake si ngeni kwetu. Baharia aliyetweka tanga kwa jarari aliijua roda kabla Mombasa haijajua ukumbi wa mazoezi. Tofauti ni kuwa yeye alivuta apate riziki; sisi twavuta tupate jasho.

Jasho lenyewe silibezi. Mwili ni amana, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, lahimiza watu wazima watie nguvu misuli angalau siku 2 kwa wiki. Mashine hii ina sifa: mzee huanza na kilo chache, na kijana huongeza kwa kuhamisha pini tu.

Lakini mnunuzi na awe macho. Roda inayotembea hupunguza uzito kwa nusu; kilo 80 zilizoandikwa huenda mkono ukahisi 40. Tena chuma hicho ni kizito: nyumba zetu za mawe zenye dari za boriti, Mji wa Kale na Lamu, hazikujengwa kukibeba ghorofani.

Rai yangu ni hii. Akiwa mnunuzi ni kijana mmoja atakaye fahari, na aiache. Mpira wa kuvuta utamtosha. Lakini ikiwa mama na mabinti wa nyumba, wasiopata ukumbi wenye sitara, watapangiwa zamu yao, basi na inunuliwe. Afya si haki ya wanaume peke yao. Na kamba isiyovutwa, mwisho wake ni kuanikwa nguo.