Presha haipimwi mbio mbio

Hapa Mombasa mtu akiumwa na kichwa au akishikwa na kizunguzungu husema presha imepanda. Kichwa kikitulia, husema imeshuka, na vidonge akaviweka kando. Tabia hii ni ya hatari. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili yoyote mpaka lipasue mshipa wa ubongo au liharibu moyo na figo. Hulijui mpaka upimwe.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Lakini kupimwa ovyo nako si kupimwa. Chukua mfano wa mzee anayetoka Mji wa Kale kwa miguu juani, akapitia barazani kunywa kahawa tungu vikombe viwili, kisha akaingia kliniki akihema. Akifungwa mkanda papo hapo huku akijibu maswali, namba itapanda kwa sababu ya mwendo, kahawa na mazungumzo. Huenda akaanzishwa dawa asizozihitaji.

Kipimo cha haki kina masharti yake. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza. Keti dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana. Mkono ulale mezani, usawa wa moyo, na mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya kanzu wala buibui. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huzidisha namba. Nyamaza. Upimwe mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati.

Kisha uliza namba zote 2, uziandike. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya chini, moyo unapopumzika. Zikifika 140 kwa 90 au kuzidi, hata moja yake, katika siku mbalimbali, hapo ndipo huitwa ugonjwa.

Wahudumu watasema foleni ni ndefu, na ni kweli. Lakini mgonjwa wa foleni tayari ameketi kwenye benchi. Zile dakika 5 ameshazipata bure. Apimwe kabla hajakurupushwa. Nawe msomaji, ziombe kwa adabu. Dawa ya presha huenda ukaimeza maisha yako yote, basi ianze kwa kipimo cha kweli.