Kiraka si Bidhaa Mpya

Mteja akinung'unika kwamba anatozwa tena kwa programu aliyokwisha kuilipia, huitwa bahili. Ataambiwa teknolojia inasonga mbele, asiyeweza kulipa abaki nyuma. Imani hii utaikuta Kitale yote, kuanzia maduka ya kompyuta mjini hadi saiba za Kipsongo. Ni imani ya kumnufaisha muuzaji tu.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa bure viraka vya usalama vya Windows 10. Windows 11 ilikuwa bure, ila si kwa kila mashine: kwa zenye prosesa za Intel, ilitaka kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa shika laptopu ya ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, kama HP EliteBook 840 G3. Kioo safi, kibodi kamili, prosesa kizazi cha 6. Mashine nzima, lakini imeshahukumiwa. Mfanyabiashara aliyetaka viraka viendelee alitakiwa kulipa dola 61 kwa kila kompyuta, bei inayopanda maradufu kila mwaka. Kwa saiba inayochapa ukurasa kwa shilingi 10, hizo ni kurasa zaidi ya 700, kabla ya wino, karatasi na stima.

Watetezi husema hata mkulima wa Trans Nzoia hununua mbegu kila msimu. Kweli, kwa sababu mbegu chotara ikirudiwa shambani mavuno hupungua. Programu haichakai hivyo. Na mkulima akiuziwa pakiti ya mbegu zilizooza, haambiwi alipe tena ndipo apewe nzima. Kiraka cha usalama huziba tundu lililoachwa na mtengenezaji mwenyewe. Hilo ni deni lake.

Watasema Windows 10 ilitoka 2015, miaka 10 inatosha. Inamtosha aliyeinunua mpya London, si aliyeuziwa mtumba Kitale mwaka jana.

Sisemi waandishi wa programu wafanye kazi bure. Anayetaka kitu kipya akilipie. Wala simtetei anayezima antivairasi ili aingize programu iliyovunjwa kufuli kutoka kwenye flashi ya rafiki. Huyo amemfungulia mwizi mlango. Afadhali programu ya ofisi ya LibreOffice, ambayo ni halali na haidai hata senti.

Ila kunyamaza pia ni ujinga. Mashirika ya wateja Ulaya yalipiga kelele, na watumiaji wa nyumbani huko wakapewa mwaka mmoja wa viraka bila malipo. Kenya tuna Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa. Basi kila laptopu inayouzwa iandikwe wazi itapokea viraka hadi lini. Muuzaji akishindwa kukutajia tarehe hiyo, punguza bei au ondoka na pesa zako.