FARASI ANALAZWA WODINI, NG'OMBE WA KIBONDO ANAFIA ZIZINI

Kijana wa Manzese, kijana wa Mwanga Kigoma, usicheke. Wiki hii tunazungumzia farasi.

Dubai kuna hospitali ya farasi. Kuna eksirei, chumba cha upasuaji na madaktari bingwa. Farasi hawezi kutapika. Utumbo ukijisokota asipopasuliwa mapema, ndiyo basi tena. Kwa hiyo hunyanyuliwa kwa winchi mpaka mezani, kisha huzindukia katika chumba chenye kuta za magodoro asije akavunja mguu. Hatuna kinyongo. Mwenye mali na amtibu mnyama wake.

Sasa twende Kibondo na Kasulu. Farasi huko humwoni. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili. Wote walimfia Kingaru, hata Morogoro hawajafika. Na wangefika Buha, mbung'o alikuwa anawasubiri. Mdudu huyo humpa mnyama nagana na binadamu malale. Miaka ya 1930 Mwingereza aliwahamisha Waha kwa nguvu akawarundika katika makazi mapya, sababu mbung'o huyo huyo.

Hapa ndipo wakubwa wanapojifanya hawaelewi. Kimelea cha malale ya kwetu hujificha katika damu ya ng'ombe na wanyama wa porini. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima kabisa! Mbung'o akishamnyonya, anakwenda kumng'ata mchungaji au mrina asali. Ugonjwa ukifika kichwani, dawa iliyotumika miaka mingi ilikuwa na aseniki, nayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa. Kwa hiyo sindano ya ng'ombe ni kinga ya mwenye ng'ombe. Na wangapi kati yenu mlilipiwa ada kwa ng'ombe wa baba?

Watasema mbung'o hashindiki. Uongo mtupu. Unguja alitokomezwa: madume yalizalishwa Tanga, yakafanywa tasa kwa mionzi, yakamwagwa kwa ndege, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa safi. Kweli, Unguja imezungukwa na bahari na Kibondo imepakana na pori la Moyowosi. Huko kazi ni ngumu zaidi. Lakini mitego ya kitambaa cha bluu, dawa ya kuogeshea na sindano kwa wakati havihitaji ndege.

Madaktari wa mifugo tunawasomesha wenyewe, Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kutoka pale mpaka Kasulu ni zaidi ya kilomita 1,000, na ng'ombe mgonjwa hapandi treni. Daktari ndiye wa kumfuata.

Basi mgombea akija na fulana na kofia zake, pokea fulana, kisha muulize: josho la kata yetu lina dawa? Daktari wa mifugo ana pikipiki? Pikipiki ina mafuta? Akianza habari za mchakato, mrudishie swali lile lile.