Taa ya zambarau haitakomaza miche yetu



Kuna swali moja tunaulizwa sasa karibu kila fasi tunapopita: «Agronomu, tununue taa ya LED ya rangi gani juu ya pepinyeri yetu?» Wengine wameonyeshwa picha kwenye simu: nyumba ndefu isiyo na dirisha, mboga zimepangwa kwenye etajeri, na juu yake taa za zambarau zinawaka mchana na usiku. Wengine wamefika mbali zaidi: kamati imekwisha kukubali, na makuta ya mbegu ya msimu unaokuja ndiyo yatalipa taa.

Sisi tunaofanya kazi na nyinyi tunajibu wazi, kabla makuta hayajatoka. Kwa pepinyeri ya nyanya, kabichi, kitunguu au kahawa, hapa kwetu Kivu, msinunue taa ya rangi yoyote. Na kama kazi yenu ni mojawapo ya zile chache zinazohitaji taa kweli, nunueni nyeupe, siyo ya zambarau. Tuwaeleze sababu, juu mwanamemba asikubali neno la agronomu kwa vile tu ni la agronomu.

Jani linakula rangi gani?

Mwangaza wa jua tunauona mweupe, lakini ndani yake rangi zote ziko, sawa vile upinde wa mvua unavyozionyesha. Wataalamu wanapima kila rangi kwa nanometa. Mmea unajilisha hasa na zile zilizo kati ya 400 na 700: bluu, kijani, njano na nyekundu. Klorofili, ile inayofanya jani liwe la kijani, inashika zaidi bluu ya karibu 450 na nyekundu ya karibu 660. Taa ya zambarau ilitoka hapo: ukichanganya bluu na nyekundu peke yake, jicho linaona zambarau.

Muuzaji anamaliza habari yake hapo. Anasema rangi ya kijani haina kazi, jani linaitupa, kwa hiyo taa nyeupe inapoteza umeme. Hapana. Jani linarudisha sehemu ndogo tu ya kijani, na hiyo ndogo ndiyo jicho letu linaona. Sehemu kubwa linaishika na kuitumia. Mwaka 1972 mtafiti McCree, huko Texas, Marekani, alichapisha vipimo vya aina 22 za mimea ya shamba: bluu na nyekundu zinafanya kazi vizuri, na kijani pia inafanya kazi, haiko mbali sana nyuma yao. Tena kijani inaingia ndani zaidi ya jani, na inafikia majani ya chini ambayo bluu na nyekundu haziyafikii sana.

Rangi hazilishi tu, zinaongoza pia namna mmea unavyosimama. Bluu inafanya mche ubaki mfupi na mnene. Nyekundu peke yake inaurefusha na kuulegeza. Ile nyekundu ya mbali, iliyopita 700, inaambia mche kwamba uko chini ya majani ya jirani, basi unakimbia juu kutafuta jua. Kwa hiyo ni kweli rangi iko na maana, hatubishi. Lakini jua linaleta rangi zote pamoja, kila asubuhi, na halitumi fakture.

Tupige hesabu pamoja

Rangi ni nusu ya habari. Nusu ingine ni wingi, na wauzaji hawapendi kuusema.

Wataalamu wanahesabu chembe za mwangaza kwa moli, sawa vile sisi tunahesabu maharagi kwa kilo. Miche ya nyanya au kabichi inaendelea vizuri ikipata moli 12 hivi kwa siku, kwa kila mita moja ya mraba. Siku ya jua huku kwetu, karibu na ikweta, uwanja wazi unapata moli 30 na kupita. Maana yake, hata mkiweka kivuli kinachokata nusu ya jua, miche bado inapata inayoitosha.

Sasa tuitafute ile 12 kwa taa. Taa nzuri ya LED inahitaji kilowati-saa 1,3 hivi za umeme kutoa moli 12. Hiyo ni kwa mita moja ya mraba, kwa siku moja. Pepinyeri ndogo ya mita 10 za mraba itakula kilowati-saa 13 kwa siku. Miche ikikaa siku 30, ni kilowati-saa karibu 400. Zidisheni kwa bei ya umeme ya kwenu, halafu gawanyeni kwa hesabu ya miche. Na ile taa ya sokoni ya bei ya chini mara mingi inatoa mwangaza kidogo zaidi kwa umeme uleule. Kama inatoa nusu, fakture inakuwa mara mbili.

Mwingine atasema: «Sisi tutatumia paneli za jua, umeme wa bure.» Tuangalie. Paneli ya wati 100 kwa siku nzuri inaleta kilowati-saa 0,4 hivi. Kwa kumulika mita moja ya pepinyeri mtahitaji zaidi ya paneli tatu, pamoja na batri. Paneli tatu zinafunika karibu mita mbili za mraba. Yaani tutapokea jua kwenye mita mbili, tulipitishe kwenye waya, batri na taa, juu ya kupata mwangaza wa mita moja, na mwangaza huo bado hauifikii nusu ya ule uliokuwa unaanguka pale bure. Hakuna mama anayeweza kuchota maji mtoni kwa ndoo mbili, kumwaga zaidi ya moja njiani, halafu akasema ameendelea.

Uholanzi, fasi wanafunga taa za LED katika nyumba za kioo, iko na sababu yake. Mwezi wa Desemba mchana wao haufiki saa nane, na jua liko chini, limefunikwa na mawingu. Kwetu mchana ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Kuiga taa yao bila kuwa na giza lao ni kununua dawa ya ugonjwa ambao hatuna.

Jani linaonekana jeusi

Kuna sababu ingine ya kukataa zambarau, hata kwa anayefanya kazi ndani ya nyumba. Chini ya mwangaza ule, jani la kijani linaonekana jeusi au la kahawia. Doa la kwanza la mildiu hamulioni. Ile njano inayosema azoti imepungua, au virusi vimeingia, hamuioni. Mkulima anatibu kwa macho kwanza. Taa inayomfumba macho inamnyang'anya silaha yake ya kwanza.

Taa nyeupe haina shida hiyo. Na wengi hawajui kwamba karibu kila taa nyeupe ya LED ni taa ya bluu ndani, iliyopakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya bluu kuwa kijani, njano na nyekundu. Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura aliyezaliwa Japani pia, walipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014 juu ya kupata ile taa ya bluu. Kwa hiyo aliye na taa nyeupe iko na bluu tayari, iko na nyekundu tayari, na anaona majani yake.

Taa iko na fasi yake

Hatusemi LED ni uongo. Kwenye maabara ya vitroplants, fasi miche ya migomba au ya viazi inakua ndani ya chupa, hakuna namna ya kuifanya bila taa: chumba kimefungwa, joto linachungwa, na miche ile inahitaji mwangaza kidogo tu, kwa kawaida saa 16 kwa siku. Pale LED inasaidia kweli, juu inakula umeme kidogo na haipashi chupa joto. Pia vijana wa mjini wasio na uwanja, walio na umeme wa kutegemea na wateja wa mboga-majani za bei ya juu, wanaweza kujaribu, baada ya kupiga hesabu.

Kwa walio katika kazi hiyo, haya ndiyo ya kuangalia:

Kwanza, rangi. Chagueni nyeupe ya Kelvini 4000 hadi 5000 kwa miche. Ile ya 2700, inayoelekea njano kama taa ya sebuleni, iko na bluu kidogo, miche itarefuka.

Pili, wati za kweli. Sanduku linaweza kuandikwa 1000 na taa inavuta 100 tu. Izimeni vyote vingine, iwasheni saa kumi, halafu angalieni kontere: wati 100 kwa saa kumi ni kilowati-saa moja, haizidi.

Tatu, ulizeni taa inatoa mikromoli ngapi kwa kila juli ya umeme. Ikiwa 2,5 au zaidi, ni nzuri. Muuzaji asiyekuwa na jibu, mwacheni na mzigo wake.

Nne, kipima-saa cha kuwasha na kuzima. Mche unahitaji usiku vilevile.

Na tahadhari moja ndogo: taa ya ulinzi isimulike shamba la soya. Soya inahesabu urefu wa usiku juu ya kujua wakati wa kutoa maua. Mistari iliyo karibu na taa inaweza kubaki kijani wakati mingine imekwisha kukomaa.

Makuta yaende wapi?

Miche inayorefuka na kulala mara mingi iko chini ya veranda, au imepandwa karibu-karibu, au kivuli kimekaa juu yake siku nyingi kupita kiasi. Itoeni nje, punguzeni msongamano, na kivuli kipunguzwe pole pole katika juma la mwisho kabla ya kupandikiza. Plastiki angavu inakinga mvua kali na inaacha jua lipite. Wavu mwembamba unazuia wadudu wanaoleta virusi. Chokaa nyeupe kwenye ukuta wa karibu inarudisha mwangaza upande wa pili wa miche. Hivi vyote pamoja havihitaji waya hata mmoja.

Kwa wakulima wa viazi vya kizungu, birayi, mwangaza wa ndani ya nyumba ni kitu kikubwa kuliko mnavyodhani, lakini ni mwangaza hafifu wa mchana. Mbegu iliyofichwa gizani inatoa machipukizi marefu, meupe, yanayovunjika kabla ya kufika shambani. Mbegu ileile, ikipangwa kwenye etajeri za mbao, tabaka mbili au tatu tu, katika nyumba ya kuta za fito zinazopitisha mwangaza na hewa bila jua kuipiga moja kwa moja, inatoa machipukizi mafupi, manene, yenye nguvu. Kituo cha kimataifa cha viazi, CIP, cha Lima, Peru, kimekuwa kikieneza njia hii tangu miaka ya 1970. Jueni tu kwamba kiazi kilichogeuka kijani ni cha kupanda, siyo cha kupika, juu kiko na sumu.

Kwa migomba, anayetaka miche safi bila maabara anaweza kutumia njia ya PIF: vipande vya shina kutoka mgomba wenye afya, vumbi la mbao lililochemshwa, na chumba kidogo cha plastiki chini ya kivuli. Hapo pia jua ndilo linafanya kazi.

Neno la mwisho kwa kamati

Tunajua taa ya zambarau inapendeza kwenye picha, na mradi unaoileta unaonekana wa kisasa. Hata sisi wa mashirika, tuseme ukweli, tunapenda kupiga picha kitu kinachowaka. Lakini kitu cha kupewa bure kiko na bei yake: batri itakufa, taa itaungua, na siku hiyo mradi utakuwa umekwisha kuondoka. Atakayebaki kulipa ni mwanamemba aliyetoa sehemu yake akiuza mkungu wa ndizi.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, leteni jambo hili kwenye mkutano mkuu na hesabu iandikwe ubaoni, kila mtu aione: kilowati-saa ngapi kwa siku, bei ngapi kwa mche mmoja, nani atabadilisha batri na kwa makuta gani. Kama hesabu inasimama, endeleeni, na tutakuja kufunga taa pamoja na nyinyi. Kama haisimami, makuta yabaki kwenye mbegu. Kukataa kitu kisichofaa nayo ni maendeleo.