Mali Bila Daftari: Kumchagua Fundi wa Jiko la Kwanza



Mwanangu mmoja wa Kisauni ameniletea swali ambalo naamini linawahusu wengi miongoni mwetu. Yeye na mumewe wameweka akiba kwa miaka mitatu ili walitengeneze jiko lao kwa mara ya kwanza. Wamewaendea watu watatu. Wa kwanza ni mwenye duka la makabati yaliyo tayari, anayetaka fedha zote mbele. Wa pili ni binamu ya mume, seremala, na bei yake ndiyo ya chini. Wa tatu ni fundi wasiyemjua, ambaye amezidi bei ya binamu kwa shilingi 40,000. Mume amemwelekea binamu. Mke hana neno naye, ila alipoomba mapatano yaandikwe, aliambiwa kuwa karatasi baina ya jamaa ni aibu. Anauliza: je, nimekosea?

Hukukosea, mwanangu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu jambo hili hili: deni la muda maalumu liandikwe na lishuhudiwe, liwe dogo au kubwa. Wanavyuoni wengi wameliona kuwa ni jambo la kupendekezwa, wala jamaa hawakutolewa humo. Na wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nayasema haya kwa kuwa nimeyaonja. Jiko langu la kwanza tulimkabidhi kijana wa jirani yetu kwa neno la mdomo. Tulimpa fedha zote mwezi wa Rajabu, naye akaahidi kumaliza kabla ya Ramadhani. Ramadhani iliingia ukuta umevunjwa na sinki liko uani, nami nikipika futari kwa jiko la mkaa chini ya mwembe. Tulipomdai, alisema tulikubaliana makabati manne. Mume wangu alikumbuka sita. Hadi leo sijui nani alikumbuka sawa, na huenda kila mmoja aliamini akisemacho. Fedha zilirudi nusu, ujirani haukurudi. Mama yake, aliyezoea kuniletea mahamri kila Ijumaa asubuhi, aliacha kupita mlangoni kwetu.

Sasa tuje katika uchaguzi wenyewe, na bei tuiache iwe swali la mwisho.

Kwanza, tazameni ni nani aliyewauliza maswali. Fundi mwema hupima na kuuliza kabla ya kutaja fedha: nani apikaye, sufuria kubwa la pilau litakaa wapi, mtungi wa gesi utawekwa upande gani, na mbuzi ya kukunia nazi itapata nafasi? Meza ya jiko kwa kawaida huwa na kimo cha takriban sentimita 90. Mwanamke mfupi akikatia vitunguu hapo, hushinda ameinua mabega. Asiyeuliza hayo atawauzia jiko la mtu mwingine.

Pili, ulizeni mbao. Pwani yetu ina unyevu na hewa ya chumvi, na nyumba nyingi hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi hupendeza dukani, lakini ukiingiwa na maji hufura na kumeguka. Ombeni kipande, mkilaze ndani ya bakuli la maji usiku kucha, mtazame asubuhi. Bawaba na mifereji nayo iwe ya madini yasiyoshika kutu upesi.

Tatu, ombeni kuonyeshwa jiko alilolitengeneza miaka miwili iliyopita au zaidi, ambalo limekwisha kupitiwa na mvua za masika. Kwa idhini ya mwenye nyumba, fungueni kabati la chini ya sinki. Hapo ndipo aibu ya fundi, au sifa yake, hujificha. Kisha muulizeni mama wa nyumba hiyo kama fundi alirudi alipoitwa.

Nne, andikeni. Sharia imekataza gharar, yaani biashara iliyofunikwa na giza, ambamo mnunuzi hajui hasa anunuacho. Karatasi itaje idadi ya makabati na vipimo vyake, aina ya mbao, bei, siku ya kuanza na ya kumaliza, na muda wa dhamana. Watie sahihi nyote pamoja na mashahidi wawili. Malipo yaende kwa awamu: sehemu ya vifaa, sehemu kazi ifikapo nusu, na baki jiko likikamilika. Siku hiyo msimcheleweshe hata kidogo, kwani tumehimizwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Mapatano humlinda yeye kama yanavyowalinda ninyi.

Ikitokea khitilafu, sheria ya mwaka 2016 imetupa Mahakama ya Madai Madogo, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mdai aweza kujieleza bila wakili. Lakini huko nako mtaulizwa ushahidi, na karatasi hiyo ndiyo itakayowasemea.

Basi, mwanangu, zungumza na mumeo kwa upole. Mkaribisheni binamu kwa kahawa na haluwa, mumwombe yeye mwenyewe aandike, mkimweleza kuwa mwafanya hivyo ili udugu ubaki. Akikubali, na kazi zake za nyuma zikawaridhisha, mpeni; jamaa ana haki ya kutangulizwa. Akikataa, mshukuruni, mwende kwa aliye tayari kuandika, hata kwa shilingi 40,000 zaidi. Jamaa aliyekosa kazi hununa mwezi mmoja, kisha Idi huwakutanisha. Mliyegombana naye kwa fedha, hata Idi humpita mlangoni. Mimi najua, mahamri yale sijayaonja tena.

Allah atujaalie majiko yenye baraka na majirani wenye kuridhiana. Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.