Paka Fremu Yako Rangi, Lakini Hiyo Nembo ya Watu Toa

Wasee, tuongee ukweli kuhusu hizi miwani za jua tunazopaka rangi nyumbani.

Kwanza niseme niko upande gani. Kuchukua fremu ya plastiki iliyochakaa, kuipiga msasa, kuipaka rangi upya na kuivaa tena ni moja ya vitu vya maana zaidi vijana wa West Indies wanafanya saa hii. Ukitembea mtaani unaona. Fremu nyeusi iliyofubaa imegeuka kijani cha majani ya chai, mwingine amechora pundamilia kwa mikono yake, mwingine amebandika shanga hapo karibu na bawaba. Hiyo fremu ilikuwa iende jalalani. Sasa iko kwa uso wa mtu, na aliyeipaka amelala na mia mbili au mia tatu mfukoni. Ukiicheka hiyo kazi, tafuta kazi yako.

Shida yangu ni hatua ya mwisho. Rangi ikishakauka, msee anatoa stika anabandika zile herufi mbili za Gucci zilizoshikana. Ama anachukua kalamu nyeupe anaandika Ray-Ban kwa kona ya lenzi. Yaani umekaa masaa matatu umeinama, umechafua vidole, umechagua rangi na akili yako mwenyewe, halafu kwa dakika moja ya mwisho unaipa kazi yote jina la mtu ambaye hajawahi kusikia Eldoret. Hapo ndipo mimi na wewe tunakosana.

Najua jibu lenu, nimelisikia mpaka nimelikariri: "Bila jina haiuzi."

Sawa, tuanze na hilo jina mnaloogopa kuliacha. Ray-Ban ni ya kampuni inaitwa EssilorLuxottica. Oakley pia ni yao. Persol pia. Luxottica, kabla haijaungana na Essilor, ilinunua Ray-Ban mwaka wa 1999 na Oakley mwaka wa 2007. Halafu Prada, Chanel na Versace, ambao mnadhani kila mmoja ana kiwanda chake cha miwani, wanawapa hao hao leseni ya kuwatengenezea. Kwa hivyo yule anayedharau Oakley ya mwenzake kwa sababu yeye amevaa Prada analinganisha mfuko wa kushoto na wa kulia wa koti moja. Wenyewe wanajua nembo ni kitu cha kubandikwa, ndiyo maana wanalipana pesa nyingi kwa ajili yake. Wewe unaibandika, hulipwi, unawatangazia bure kando ya barabara, na bado wana haki ya kukushtaki. Hiyo ni biashara gani?

Sasa mtazame aliyekataa hiyo njia. Cyrus Kabiru alizaliwa Nairobi mwaka wa 1984, akakulia Korogocho, pale jirani na jaa la Dandora. Amesimulia kwamba akiwa mtoto alitamani sana miwani, na baba yake akamwambia akiitaka ajitengenezee. Akajitengenezea. Alichukua waya, vifuniko vya chupa, vipande vya vyuma, vitu ambavyo mimi na wewe tunaruka tukitembea. Kazi hiyo akaiita C-Stunners. Mwaka wa 2013 alichaguliwa kuwa TED Fellow, na miwani yake imeonyeshwa Ulaya na Marekani. Watu walipoitafuta ile miwani, walikuwa wanamtafuta Kabiru. Angeandika Ray-Ban pembeni, angekuwa tu muuzaji mwingine wa miwani feki, na hakuna mtu angeuliza anaitwa nani.

Kuna wale wajuaji watasema, "Na Dapper Dan je?" Nimefurahi umeuliza. Dapper Dan alifungua duka lake Harlem, New York, mwaka wa 1982. Alikuwa anachapa nembo za Gucci, Louis Vuitton na Fendi kwenye ngozi na kushona makoti ambayo kampuni hizo hazikuwa na ubunifu wa kuyawaza. Warapa na mabondia walipanga foleni kwake. Halafu wenye nembo wakaja na mawakili, na mwaka wa 1992 duka likafungwa. Hiyo ni sehemu ya kwanza.

Sehemu ya pili ndiyo watu wa mji huu wa wakimbiaji wanapaswa kuisikia vizuri. Mwaka wa 1989 alikuwa amemshonea mkimbiaji wa Marekani, Diane Dixon, jaketi yenye mikono mikubwa kama maputo, imejaa nembo za Louis Vuitton. Mwaka wa 2017 Gucci wakaonyesha jaketi inayofanana nayo kabisa. Watu wakapiga kelele mtandaoni, Gucci wakamwendea, na mwaka uliofuata akafungua karakana mpya Harlem akishirikiana nao. Lakini angalia walichokichukua. Nembo za Louis Vuitton waliziacha, wakaweka zao. Walichokitamani ni ile mikono, yaani kitu pekee kwenye lile jaketi kilichotoka kichwani mwa Dapper Dan. Nembo ndiyo ilimfungia duka. Ubunifu wake ndio ulimrudisha. Kwa hivyo ukinitajia Dapper Dan, unanisaidia kubishana na wewe.

Tukirudi hapa Kenya, kuna sheria ya bidhaa ghushi tangu 2008. Kutengeneza, kuuza, hata kuwa na bidhaa ghushi kwa ajili ya biashara ni kosa. Kosa la kwanza tu linaweza kukupeleka ndani hadi miaka 5, ama upigwe faini isiyopungua mara 3 ya bei ya hizo bidhaa, ama vyote viwili. Mtasema wale wa makontena ndio washikwe kwanza. Nakubaliana na nyinyi. Lakini mwenye kontena ana wakili na wewe una begi la mgongoni. Msako ukija, nani atashindwa kukimbia?

Sheria na heshima tuziweke kando kidogo, kwa sababu kuna jambo linaloniuma zaidi. Ile nembo inamfunga mteja mdomo. Akiona jina kubwa anajiambia, "Hii ni kitu ya maana, macho yangu yako salama," na hakuulizi swali lolote kuhusu lenzi. Na lenzi ndiyo miwani. Fremu ni pambo tu.

Eldoret iko karibu na ikweta, na tuko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Miale ya jua isiyoonekana, ile ya urujuanimno inayochoma ngozi na macho, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Maana yake sisi tunapigwa na karibu moja ya tano zaidi ya mtu aliye kwa mchanga wa Mombasa, jua likiwa sawa. Ni vile tu kabaridi ketu kanatudanganya. Miale hiyo ni moja ya vitu vinavyochangia mtoto wa jicho, na macho hayatumi bili leo, yanatuma ukiwa mzee. Tena lenzi nyeusi isiyo na kinga inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kitu. Giza linaifanya mboni ifunguke zaidi, halafu miale inaingia kupitia mlango uliofunguliwa wazi. Weusi wa lenzi haukuambii chochote. Kuna lenzi iliyofifia kabisa inayozuia miale yote, na kuna nyeusi tititi isiyozuia kitu.

Sasa, unaweza kupima kidogo. Ile taa ya zambarau ya kukagua noti, wakala wa M-Pesa ama mwenye duka anayo. Imulike noti uone zile alama zinazong'aa. Weka lenzi katikati ya taa na noti, halafu angalia noti kutoka kando, usiangalie kupitia lenzi, na usiitazame taa yenyewe. Kama alama bado zinang'aa vile vile, hiyo lenzi inapitisha. Zikizimika, ni dalili nzuri. Hicho si kipimo kamili, na ukitaka uhakika kuna maduka ya miwani yenye mashine. Lakini niambie ukweli: kati ya wote wanaouza miwani zilizopakwa rangi, wangapi wamewahi hata kujaribu hicho cha bure? Stika tumepata muda wa kuitafuta. Lenzi hatukupata.

Na kazi ya rangi yenyewe ikifanywa vizuri, haihitaji kujificha. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nawajua sana watu wanaouliza jina la mahali ulisoma kabla hawajauliza unajua kufanya nini. Nembo kwa fremu ni tabia hiyo hiyo. Mtu akishika kazi yako mkononi, anafaa kujua bila kusoma.

Toa lenzi kabla ya kuanza. Fremu ya plastiki ikilowekwa kidogo kwa maji ya moto kiasi, yasiyochemka, inalegea na lenzi inasukumika nje. Anayepaka na lenzi ikiwa ndani atazikwaruza na msasa. Osha mafuta ya uso kwa sabuni ya vyombo. Piga msasa laini, namba 400 halafu 600, mpaka mng'ao uishe. Usiguse kile kiowevu cha kutoa rangi ya kucha chenye asetoni, kwa sababu kinayeyusha plastiki nyingi na fremu inabaki imepasuka ama inanata. Paka praima ya plastiki, kisha rangi ya kupuliza kwa tabaka nyembamba tatu ama nne, ukiacha kila moja ikauke. Fanya hivyo nje, pua imefunikwa, si chumbani kwenye kitanda cha ndugu yako. Sehemu zinazogusa pua na nyuma ya masikio ziache bila rangi ama uweke kidogo sana, maana jasho litaibandua na ngozi ya mtu inaweza kuwasha. Malizia na vanishi, halafu subiri siku mbili kamili kabla ya kurudisha lenzi. Hizo siku mbili ndizo wengi hawana. Wanauza jioni hiyo hiyo, rangi inabanduka wikendi, na ndiyo maana wanahitaji Gucci kuwakinga. Kazi mbaya ndiyo inatafuta jina la kujificha nyuma yake.

Na nyinyi wanunuzi msikae hapo mkichekelea. Nyinyi ndio mnauliza, "Hii ni ya ukweli?" mkiwa mmeshika miwani ya mia tatu. Mnajua si ya ukweli. Mnataka tu mwenzenu awadanganye vizuri. Uliza maswali mengine. Lenzi umeipima? Rangi imekaa siku ngapi? Ikibanduka nakurudishia wapi? Mtu akiwa na majibu, mwongezee hata hamsini. Akikosa, rudisha miwani mezani hata kama imeandikwa majina yote ya Milan.

Kwa wenzangu wa msasa na rangi, ombi langu ni moja. Ndani ya mkono wa kushoto wa fremu kuna nafasi ya kutosha jina fupi. Andika lako. Kama unaona haya, andika la mtaa. Andika WEST INDIES kwa herufi kubwa. Mtu wa Nairobi atadhani imetoka Jamaika, atauliza kwa heshima imefika aje Kenya. Hapo usimdanganye, mwambie ni Eldoret, umepaka nyuma ya nyumba, na umwonyeshe ingine.